Onyo na Breki



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunawaalika kutafakari jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halionekani kuwa la kiroho: vyombo vinavyomwonya dereva asiligonge kwa nyuma gari lililo mbele yake.

Rada au kamera hupima umbali na mwendo. Hatari ikikaribia, chombo hulia au huwasha taa. Je, onyo hilo huokoa? Taasisi ya Bima kwa Usalama Barabarani ya Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ililinganisha magari yenye vyombo hivyo na mengine yasiyo navyo. Onyo peke yake lilipunguza ajali za namna hiyo kwa asilimia 27. Onyo pamoja na breki inayojifunga yenyewe lilizipunguza kwa asilimia 50.

Tena, kuanzia magari ya mwaka 1986, nchi hiyo iliagiza kila gari dogo jipya liwe na taa ya tatu ya breki, iliyoinuliwa katikati. Mwaka 1987 taa hiyo ilipunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 8.5, kati ya 1989 na 1995 faida ilishuka hadi asilimia 4.3. Taa haikufifia; macho yalizoea.

Hapa ndipo tunapoguswa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 16, unafundisha kwamba dhamiri inaweza karibu kupofuka kwa mazoea ya dhambi. Onyo tunalisikia katika mahubiri, katika msiba wa jirani, katika machozi ya mwenzi wa ndoa. Tunaitikia “Amina”, na mguu haujagusa breki. Neema ya Mungu hututia nguvu, lakini haifungi breki pasipo sisi kuridhia.

Katekisimu, namba 2290, inasema wazi: anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba hatia kubwa. Ndugu madereva, mnabeba roho za watu.

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, tujiulize: ni onyo gani tumelizoea? Tukilipata, tulipeleke kwenye Kitubio Jumamosi hii.

Mungu awabariki.

Paroko wenu