Niliyoyaona Karagwe na Kyerwa

Kwa miaka mingi nilitamani kuizuru nchi ya Karagwe, ambayo habari zake twazisoma katika vitabu vya wasafiri wa kale, na Mwenyezi Mungu akanijaalia kufika huko katika msimu wa kahawa.

Njia itokayo Bukoba hupita Kyaka, mahali ambapo daraja la mto Kagera lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha hupanda milimani hata Omurushaka. Hapo hugawanyika. Mkono mmoja waenda Kayanga, makao ya wilaya ya Karagwe. Mwingine wapita Nkwenda na Isingiro mpaka Murongo, mpakani mwa Uganda, na upande huo ndio wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nchi yote ni migomba na mibuni mabondeni, na nyasi juu ya vilima. Baridi yake ya asubuhi yamshangaza mtu wa pwani, nami sikuona haya kulala na koti.

Watu wa dini yetu walitangulia kufika huko. Speke na Grant walipoingia kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, jina la Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, lilikuwa limekwisha julikana katika nyumba ya mfalme. Stanley naye, mwaka 1876, alimkuta Mwarabu aitwaye Hamed Ibrahim akikaa Kafuro na biashara yake. Lakini wazee wetu hao walikwenda kutafuta pembe, na walipoondoka hawakuacha nyuma yao chuo wala mwalimu. Waliokuja baadaye na Injili walijenga shule na hospitali, kama ile ya Nyakahanga, na haifai tuone uchungu kwamba watoto wa wenyeji walibatizwa huko. Dayosisi ya Kilutheri ya Karagwe iliundwa mwaka 1979, na jimbo la Kikatoliki la Kayanga mwaka 2008. Mtu apitaye kwa gari akayaona makanisa yalivyo mengi atasema kwamba Ukristo katika nchi hii haujapata kustawi kama sasa. Mimi nilisema hivyo hivyo, mpaka Jumapili ilipofika.

Mwenyeji wangu upande wa Kyerwa alikuwa Haji mmoja mnunuzi wa kahawa, na baraza ya nyumba yake yaelekea kanisa la Walutheri. Ngoma ya kwanza ililia mapema, ikafuata ya pili. Wakaja akina mama na watoto, na wazee wenye mikongojo. Wanaume wa makamo niliowahesabu hawakufika ishirini. Vijana walikuwa chini ya mti ng'ambo ya njia, wamekalia pikipiki zao wakibishana habari za mpira, na ngoma haikumwinua hata mmoja. Baada ya ibada vitu vilivyotolewa sadaka vikanadiwa uani: mikungu ya ndizi, mayai, na kuku mmoja aliyepiga kelele kuliko mnadi. Hapo vijana walivuka njia, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri.

Jirani wa Haji ni mzee aliyekuwa mwinjilisti wa kanisa lile kabla hajastaafu. Alasiri alituletea kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo wenyeji humpa mgeni atafune. Nikamwambia, "Mzee wangu, kanisa lenu ni zuri, na bati lake jipya."

Akacheka. "Sheikh, usidanganywe na bati. Baba yangu alisali chini ya nyasi, na nyumba ilikuwa inajaa."

Akanieleza habari za baba yake, aliyekuwa Mlokole. Uamsho huo ulianza upande wa Gahini, Rwanda, na Uganda, karibu na mwaka 1930, nao ukavuka Kagera ukaenea Buhaya. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyepata kuwa rais wa Walutheri wa ulimwengu mzima tangu mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mmoja wa watu wa uamsho huo. Walokole hawakuwaendea wapagani tu. Waliwaendea Wakristo wenzao waliobatizwa wakabaki kama walivyokuwa. Baba yake mzee yule alitembea siku nzima kurudisha jembe aliloiba ujanani, na mwenye jembe alikuwa amekwisha lisahau.

"Siku hizi," akasema, "waliobatizwa ni wengi kuliko wakati wa baba. Lakini ni nani arudishaye jembe?"

Nikamwuliza, kama watu hawana haja na kanisa, kwa nini hawaliachi? Akajibu neno moja: "Maziko."

Maana ya neno hilo niliiona Jumanne. Upande wa Isingiro alifariki mtu ambaye kwa miaka mingi hakukanyaga kanisani wala kufika katika jumuiya. Maduka yakafungwa, na umati uliokusanyika ulizidi ule wa Jumapili mara nyingi. Lakini maiti ilingoja. Wanawe walikuwa na viongozi wa kanisa nyuma ya nyumba, wakilipa michango ya baba yao iliyolimbikizwa, ili asizikwe bila sala. Daftari lilipofungwa ndipo nyimbo zikaanza. Siwacheki watu hao. Mwana hawezi kumtia baba yake ardhini kama mzoga. Lakini imani ishikwayo na daftari, daftari likipotea itashikwa na nini?

Mzee aliniambia pia kwamba Wajerumani wa Bethel, walioleta Injili Bukoba mwaka 1910, wajukuu wao sasa wanayafunga makanisa. Ni kweli. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya nusu milioni walijiondoa rasmi katika kanisa lao huko Ujerumani, na Wakatoliki na Waprotestanti wakijumlishwa hawafiki tena nusu ya watu wa nchi ile. Mjerumani asiyeamini hujiondoa rasmi. Wa Kyerwa hubaki na jina lake, usiku akaenda kwa mganga. Mzee hakujua lipi limhuzunishe zaidi.

Siku ya nne tulikwenda kuutazama mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Mwaka 1994 mto huo ulichukua maiti za watu hata Ziwa Viktoria, na Karagwe ikapokea makambi ya wakimbizi. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo karibu yote. Katika kanisa la Nyarubuye, si mbali na mpaka, maelfu waliokimbilia hifadhi waliuawa mwezi wa Aprili, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa kama wao. Papa Francis aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake mwezi wa Machi 2017.

Haji akasema kwamba Waislamu wa Rwanda waliwaficha jirani zao, na hilo lina ushahidi wake. Lakini nikamkumbusha kwamba Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, aliyehukumiwa Arusha kwa uchochezi wa mauaji hayo, jina lake latoka kwetu. Haji akanyamaza, akatupa kijiwe majini.

Mzee akamgeukia, akamwuliza kwa upole, "Na kwenu, Haji, nyumba inajaa?"

Haji akasema kwamba Ijumaa hujaa, na Idi watu husali nje.

Kesho yake ndiyo niliyosafiri. Sala ya Alfajiri tulikuwa watatu: imamu, Haji na mimi. Wana wanne wa Haji walikuwa wamelala nyumbani, hatua mia moja kutoka msikitini. Tulipotoka kulikuwa bado giza, na mzee amesimama mlangoni pake amejifunika shuka. Akasema mwadhini wetu ndiye amwamshaye kusali kila siku tangu ngoma yao ya asubuhi ilipokosa mpigaji, akanipa buni za njiani zilizofungwa katika jani la mgomba.

Kisha akamwuliza Haji, "Vijana hawajaamka?"

"Bado, waitu," Haji akajibu, na gari likaja.