Mbuzi Hana Mtulinga

Mbuzi hana mtulinga. Mkono wake wa mbele haukuungwa na kifua kwa mfupa wowote. Umeshikwa na nyama tupu, misuli inayotoka mbavuni na shingoni ikakamata mfupa wa bega. Muuza nyama yeyote wa soko la Kongowea analijua hilo bila kusomeshwa. Akitaka kuutoa mkono hupitisha kisu chini ya bega, akavuta, na mkono ukaja mzima bila shoka. Mimi, mtoto wa Mombasa niliyekula pilau ya mbuzi tangu sijaota meno ya ukubwani, nililijua Nairobi, chuo kikuu, katika kitabu cha Sisson na Grossman, tena kwa Kiingereza na Kilatini.

Nilisomea tiba ya mifugo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Kakamega, alisomea tiba ya watu. Anatomia zote mbili, ya kwake na ya kwangu, zilifundishwa kampasi ya Chiromo, kwa hiyo asubuhi tuliongozana, tukaachana njiani, yeye akaenda kwa maiti zake na mimi kwa mbuzi, punda na mbwa wangu. Jioni tulirudi na harufu moja. Formalini haichagui kitivo. Inakaa kwenye nywele, kwenye kola, chini ya kucha, na ukiupeleka ugali kinywani inatangulia yenyewe. Glavu zilikuwa kitu cha anasa. Wengi wetu tulifanya kazi mikono mitupu, machozi yakitutoka, tukidhani ni sehemu ya ukakamavu.

Kwangu kulikuwa na shida ya ziada. Sisi Waislamu wa pwani tuna madhehebu ya Shafi, na mbwa aliyelowa ukimgusa unajiosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wetu walikuwa wamelowa kweli kweli. Basi kila baada ya somo ningeonekana nyuma ya jengo nimechutama bustanini nachota udongo, na wenzangu wa bara wakipita wananicheka. Mama alikuwa ameniuliza swali moja tu nilipoondoka nyumbani: mnapasua watu huko? Nikamwambia hapana, wanyama. Akamshukuru Mungu. Sikumtajia mbwa.

Usiku ndipo tulipofundishana. Vitabu vyetu havikupatana hata juu ya wapi ni juu na wapi ni mbele. Mtu husimama, kwa hiyo kwake kichwa kipo juu ya moyo. Mbuzi ana miguu minne, kwangu kichwa kipo mbele yake. Mshipa ule ule mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani una jina moja kwake na jingine kwangu. Tulipokwama ilibidi apige magoti na kuweka viganja sakafuni, nami nimwoneshe mgongoni pake kila kitu kinapokaa. Mlinzi wa bweni alitukuta hivyo usiku mmoja, akafunga mlango taratibu bila kuuliza.

Ugomvi wetu ulikuwa mkongwe kuliko tulivyojua. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyetibu watawala wa Roma, hakuwa na ruhusa ya kupasua watu, akapasua nyani na nguruwe, kisha akaandika kana kwamba ameona mtu. Ulaya na nchi za Kiarabu zilimsoma kwa zaidi ya miaka 1000. Alisema taya la chini la mtu lina mifupa miwili. Mwaka 1543 Andreas Vesalius akachapisha kitabu chake na kuonesha kuwa kwa mtu mzima ni mfupa mmoja. Niliposoma hayo nilikwenda kumtazama mbwa wangu wa mezani: mifupa miwili, imekutana kidevuni. Nikampelekea rafiki yangu habari kwamba kuhusu mbwa, mzee Galen angepata maksi zote.

Na kuna neva moja ambayo Galen hakuikosea. Inashuka kutoka kichwani, inapita koo lote bila kusimama, inaingia kifuani, upande wa kushoto inazunguka mshipa mkuu wa moyo, kisha inapanda tena shingoni hadi kwenye zoloto, pale ilipopita mwanzo. Kwa twiga safari hiyo ni ya mita kadhaa. Galen aliikata kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele mbele ya watazamaji, na nguruwe akanyamaza papo hapo huku bado anapumua. Mimi niliifuata kwa mbuzi, kwa ncha ya koleo, mchana kutwa. Ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Rafiki yangu siku hizi ni daktari wa upasuaji, hutoa rovu shingoni mwa akina mama, na neva hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi, maana ukiigusa vibaya mgonjwa anaamka hana sauti. Huniambia kwamba mara ya kwanza kuielewa ilikuwa usiku, kwenye mchoro wangu wa mbuzi.

Lakini jambo ninalolirudia sana kichwani si neva. Wanyama wetu tuliwajua. Fundi wa maabara alijua mbuzi yule alinunuliwa mnada gani na kwa bei gani, punda alikuwa wa nani na alichakaa kwa kazi gani. Punda enzi hizo alikuwa rahisi. Tulimpasua kwa niaba ya farasi, ambaye hatukuwa na uwezo naye, tukakuta kweli, kama farasi, hana kifuko cha nyongo. Leo chuo kikitaka punda kitafute pesa: tangu 2016 Kenya ilipofungua machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China, bei ilipanda na wezi wakaingia mazizini, hata serikali ikapiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020.

Maiti ya rafiki yangu ilikuwa na namba. Hakuna zaidi. Maiti nyingi za vyuo vyetu zilikuwa, na bado ni, za watu waliofia hospitalini na wasidaiwe na mtu, na Sura ya 249 ya sheria za Kenya iliruhusu zipelekwe kwa wanafunzi. Alikuwa mwanamume wa makamo. Viganja vyake vilikuwa na sugu, na upande wa kulia wa tumbo kulikuwa na kovu la zamani la kutolewa kidole tumbo. Rafiki yangu alikuja na habari ya kovu hilo usiku, amekasirika bila kujua anamkasirikia nani. "Kama alipasuliwa," alisema, "kuna faili. Kuna mahali jina lake limeandikwa." Hatukuwa na la kufanya na habari hiyo. Mtihani ulikuwa karibu, ule wa vibendera: kila sehemu imechomekwa pini yenye namba, kengele inalia, unahamia meza nyingine. Mtu yule alichomekwa vibendera vingi, na majibu yote yalipatikana isipokuwa yeye ni nani. Thailand wanafunzi humwita mtu wa namna hiyo mwalimu mkuu, na humfanyia ibada ya kumuaga pamoja na jamaa zake. Sisi hatukufundishwa hata kusalimia tukiingia.

Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa pili wa udaktari, chuo kingine. Ananionesha mwili kwenye kioo cha tableti: anavua ngozi kwa kidole, anaondoa msuli, anaurudisha. Sisi tulichokata hakikurudi, na mkata ovyo alilaumiwa na kundi zima hadi mwisho wa mwaka. Chuoni kwao wana pia viungo vilivyotiwa plastiki, kwa njia aliyobuni Gunther von Hagens kule Heidelberg mwaka 1977. Vikavu, havinuki, unaweza kuvishika na sandwichi mkono wa pili. Maiti ya kweli wanaiona kwa zamu, wengi wamezunguka meza moja, wamevaa glavu na barakoa. Na wana haki. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilitangaza kwamba ile hewa ya formalini inasababisha saratani kwa binadamu.

"Kwa hiyo mjomba," aliniuliza, "mlikuwa mnakula kwa mikono ile ile?"

"Tulikuwa tunanawa."

"Kwa sabuni gani?"

Sikumjibu, maana nilikumbuka udongo.

Siwaungi mkono wazee wenzangu wanaosema watoto wa sasa hawajui kitu. Mpwa wangu anaijua njia ya damu ndani ya ini kuliko nilivyowahi kuijua. Ila nilipomuuliza ateri na vena zinatofautianaje mkononi, alinitajia rangi. Nyekundu na buluu. Ndani ya mwili hakuna aliyezipaka rangi. Ateri unaibonyeza inajirudisha, vena inalala, neva ni ngumu na haina tundu. Hilo liliingia kwangu kupitia vidole, na vidole vyenyewe leo vimekufa ganzi kidogo, sijui kwa uzee au kwa formalini.

Mwaka jana rafiki yangu aliniambia anataka kujaza fomu ya kuutoa mwili wake kwa chuo. Analipa deni, anasema, la yule bwana wa namba. Mkewe alikataa, kaka zake wakamwuliza Kakamega watazika nini, na mchango wa jeneza utasemwaje. Fomu bado iko kwenye droo. Nilimwambia mimi sina mjadala: dini yangu imeshapanga, siku hiyo hiyo kama kuna mwanga.

"Bahati yako," alisema. "Angalau hutachomekwa vibendera na mtoto anayetafuta rangi."