Taco ya Kikwe

"Mama, lini tutakula taco?" Binti yangu wa miaka 10 aliniuliza hivyo karibu wiki mbili, tangu aone video kwenye simu ya shangazi yake. Nilipiga hesabu ya kulisha watu wanne hotelini mjini Arusha, nikafunga pochi.

Jumamosi tukaenda Kikwe kumsalimia bibi yake. Tulishuka Tengeru, siku ya soko, tukanunua maparachichi, kisha bajaji ikatuteremsha kwenye vumbi, Mlima Meru ukiwa mgongoni. Njaa ikatushika njiani. Tukaingia kwa mama lishe: kibanda cha mabati, mabenchi mawili, makande shilingi 1,500 sahani.

"Kwani hiki si chakula cha shule?" binti akauliza kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama lishe akacheka tu. Akamletea chapati, akamwambia, "Weka makande hapo katikati, mwanangu, ukunje." Akatukatia parachichi letu, akaongeza kachumbari na pilipili kidogo. Makande yenyewe yalikuwa yameungwa kwa kitunguu, karoti na nyanya, mahindi laini kabisa.

Taco ndiyo hiyohiyo, nikamwambia. Watu wenye asili ya Mexico walioko Texas, Marekani, hukunja maharage, nyama na jibini ndani ya mkate mwembamba wa mahindi au ngano. Mahindi yalianza kulimwa huko Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita. Huku kwetu yalifika baada ya Wareno kuja pwani. Parachichi na pilipili navyo asili yake ni pande hizo. (Chapati tuwashukuru Wahindi.)

Akala mbili. Akajilamba vidole, kisha akasema, kama vile ni jambo dogo, "Mama, ya shule huwa sili. Yana wadudu. Nampa rafiki yangu."

Tangu lini? Tangu muhula uanze. Miezi miwili mtoto anashinda njaa hadi jioni, nami kila siku namuuliza, "Umekula?" anajibu, "Ndiyo." Sikuwahi kuuliza amekula nini.

Hamu ya chakula ikaniishia. Mama lishe alikuwa amesikia. Akamwongezea chapati ya tatu, akakataa hela yake.

Jumatatu alikwenda na chapati, maharage na nusu parachichi kwenye kibakuli. Mimi nilipanda daladala ya nyuma yake, kwenda kumwona mwalimu mkuu.