Shamba la Ndege Kando ya Mto Rio Grande

Mkulima wa Kenya akiambiwa kwamba iko nchi ambako serikali hulima mahindi, huyanywesha maji ya mto, na kisha huyaacha yaliwe na ndege, yamkini atadhani kuwa anafanyiwa mzaha. Mkulima wa mpunga wa Mwea huamka alfajiri, na kutwa nzima hupiga madebe ili kuwafukuza kwelea. Lau angeagizwa awapandie chakula, angecheka sana. Walakini shamba la namna hiyo lipo. Liko Marekani, katika jimbo la New Mexico, na limedumu kwa muda wa zaidi ya miaka 80.

Mahali penyewe huitwa Bosque del Apache, maneno ya Kihispania ambayo maana yake ni Msitu wa Waapache, kwa kuwa watu wa kabila hilo walizoea kupiga kambi zao hapo kando ya mto. Msafiri atokaye katika mji wa Albuquerque hufuata barabara ya kusini kwa kiasi cha maili 90, akaupita mji mdogo wa Socorro, na baadaye kijiji cha San Antonio. Kulia na kushoto haoni ila milima mikavu na vichaka vya jangwani. Mvua ya huko haizidi sana inchi 8 au 9 kwa mwaka, karibu kama ile ya Lodwar katika nchi ya Turkana. Kisha ghafula huona bondeni utepe wa majani mabichi, miti mirefu iitwayo cottonwood, na maji yanayong'aa. Huo ndio mto Rio Grande, ambao maji yake mengi hutoka katika theluji inayoyeyuka kwenye milima ya kaskazini.

Rais Franklin Roosevelt aliifanya nchi hiyo kuwa hifadhi ya ndege katika mwaka wa 1939. Eneo lake ni eka 57,331, lakini sehemu kubwa ni jangwa na vilima. Nchi inayopata maji ya mto ni kipande kidogo tu. Haja ilikuwa kubwa. Zamani mto ulipofurika uliacha madimbwi na majani ambayo ndege walijilisha wakati wa baridi. Mto ulipozuiliwa kwa mabwawa na kingo, madimbwi hayo yalikauka. Uwindaji nao ulikuwa umewapunguza ndege. Katika mwaka wa 1941 walihesabiwa korongo 17 tu waliokaa hapo majira ya baridi. Siku hizi huja kwa maelfu, pamoja na makundi makubwa ya mabata bukini weupe.

Korongo hao ni wa kijivu, wana paji jekundu, na aliye mkubwa huweza kufikia kimo cha futi 4. Wakati wa joto huzaa vifaranga vyao mbali kaskazini, katika majimbo kama Idaho na Montana. Baridi ikianza husafiri kusini, wakafika Bosque del Apache karibu na mwisho wa Oktoba, na huondoka mwezi wa Februari. Waswahili husema kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Wageni hawa hukaa zaidi ya miezi mitatu, na jembe hushikwa na mwenyeji.

Kazi ya mwenyeji huyo huanza kwenye maji. Mbali kidogo kaskazini, mahali paitwapo San Acacia, limejengwa boma la kukinga mto na kuyapeleka maji katika mifereji. Mifereji hiyo huwanywesha kwanza wakulima wa bonde la Socorro, na maji yanayobaki, pamoja na yale yanayochujuka kutoka mashamba yao, huteremka hata kufika hifadhini. Huko hugawanywa kwa milango midogo, mlango mmoja kwa kila kipande cha shamba. Ardhi imesawazishwa kwa uangalifu mkubwa, ili maji yatambae yenyewe kutoka upande mmoja hata wa pili, bila kutuama wala kuacha mahali pakavu. Katika nchi ya jua kali namna ile maji yakituama huacha chumvi, nayo chumvi ikizidi huharibu udongo.

Mahindi hupandwa joto linapoanza, na hunyweshwa majira yote ya joto. Yanapokomaa hayavunwi. Bua likiwa limesimama korongo haingii, maana humwogopa mbweha wa huko aitwaye coyote, ambaye huweza kujificha kati ya mistari. Kwa hiyo watumishi wa hifadhi huyaangusha mahindi kwa mashine, mistari michache kwa wakati mmoja, ili chakula kisiishe kabla ya Februari. Tena, mahindi peke yake hayatoshi. Kuna vidimbwi ambavyo hukaushwa wakati wa kuchipua ili majani ya mwituni yaote na kuzaa mbegu, kisha hujazwa maji tena kabla ndege hawajafika. Mahindi huwapa joto la mwili. Mbegu na wadudu wa vidimbwini huwapa mengine yanayowapasa.

Huenda mtu akauliza, faida yake ni nini? Ya kwanza ni kwamba ndege aliyeshiba hifadhini hana sababu ya kwenda kuharibu shamba la jirani. Kwa miaka mingi pia wakulima wa karibu walilima ndani ya hifadhi kwa mapatano: walichukua majani ya alfalfa kwa mifugo yao, na mahindi wakawaachia ndege. Zaidi ya hayo, wageni wengi huja kuwatazama korongo, na fedha zao hubaki katika bonde hilo.

Hata hivyo maji hayo yana wenyewe wengi. Katika mwaka wa 1938 majimbo ya Colorado, New Mexico na Texas yalipatana jinsi ya kuugawana mto, na kila jimbo hulinda haki yake. Wakulima wanayataka maji kwa mimea yao. Mtoni mwenyewe yumo samaki mdogo wa inchi chache, aitwaye silvery minnow, ambaye tangu mwaka wa 1994 ameandikwa na serikali miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka. Naye hawezi kuishi mchangani. Miaka mingi wakati wa joto mto hukauka karibu na hifadhi, na katika mwaka wa 2022 ulikauka hata ndani ya mji wa Albuquerque, jambo ambalo halikuonekana kwa miaka kama 40. Maji yanayopewa mahindi ya korongo ni maji ambayo samaki huyo, au mkulima, au mtu wa Texas, angeyapata. Mwaka wa namna hiyo swali si kama ndege wanastahili kula, bali ni nani atakayepunguziwa, na kwa kiasi gani.

Jioni korongo hurudi kutoka mashambani, wakatua vidimbwini na kulala wakiwa wamesimama ndani ya maji, ili mbweha akija wasikie mchapo wa miguu yake. Kina cha maji hayo lazima kiwe sawasawa: yakizidi hawawezi kusimama, yakipungua adui huwafikia. Kwa hiyo mtu wa milango huenda kutazama kina kabla ya giza, akafungua huku na kufunga kule, naye hachukui zaidi ya yale yanayohitajika.