Binadamu na Binamu Zake

Leo tuweke kando seva na simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu mageuko ya binadamu, na nitaeleza kwa lugha ninayoielewa vizuri, yaani ya kazi yangu ya kuandika programu.

Kwanza tuondoe dhana moja potofu. Watu husema eti sayansi inadai binadamu alitokana na nyani. La hasha. Wale nyani wanaosubiri ndizi kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru si babu zetu. Ni viumbe wa leo, kama sisi. Jamaa zetu wa karibu zaidi ni sokwe na bonobo. Ukoo wao na wetu uliachana takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na nyani aliachana nasi mapema zaidi ya hapo. Kwa hivyo neno sahihi si babu. Ni binamu.

Wanaoandika programu watanielewa upesi. Sisi hutumia vifaa kama Git kutunza historia ya msimbo. Kila badiliko huwekwa kwenye kumbukumbu, na msimbo mmoja unaweza kugawanyika matawi mawili, kila tawi likaendelea kivyake. Hakuna tawi lililo "juu" ya lingine. Uhai nao uko hivyo. Si ngazi ambayo sisi tumekaa kwenye kidato cha mwisho. Ni mti, na sisi ni kijitawi kimoja.

Utauliza, tunajuaje kwamba matawi haya yana shina moja?

Nilipokuwa chuo kikuu nilisaidia kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Programu mbili zikitoa jibu sahihi kwa njia zinazofanana, huwezi kumshtaki mtu. Huenda wote wawili walisikiliza darasani. Lakini siku moja nilikuta programu mbili ambazo kigeu cha "jumla" kiliandikwa "jmula" katika zote mbili, tena kwenye mstari uleule. Hapo hakuna mjadala. Usahihi unaweza kupatikana mara mbili, lakini kosa lilelile mahali palepale ni nakala.

Sasa njoo kwenye DNA. Mbuzi hahitaji machungwa. Ini lake hujitengenezea vitamini C, na hali kadhalika panya na mbwa. Sisi hatuwezi. Tukikosa matunda na mboga kwa miezi kadhaa tunaugua kiseyeye, ufizi unavuja damu na meno yanalegea. Mnamo 1747 daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, wakapata nafuu.

Ajabu ni kwamba jeni ya kazi hiyo, iitwayo GULO, bado tunayo. Imeharibika tu. Vipande vingine vimepotea na vilivyobaki haviwezi kufanya kazi, kama msimbo wa zamani ambao hakuna aliyeufuta. Sokwe naye anayo ikiwa imeharibika, na pia gorila, orangutani na hata nyani, na alama za uharibifu zinalingana na zetu. Simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kama sungura, pia hawezi kutengeneza vitamini C, lakini jeni yake imeharibika kwa namna nyingine. Yeye alikosea kivyake. Sisi na sokwe tulirithi "jmula" moja.

Kuna mfano mwingine. Sokwe ana jozi 24 za kromosomu, sisi tuna 23. Moja ilienda wapi? Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kromosomu yetu ya pili ni mbili zilizoungana. Katikati yake kuna mfuatano wa herufi ambao kwa kawaida hukaa kwenye ncha tu. Ni kama kuunganisha faili mbili ukasahau kuondoa alama ya mwisho wa faili ya kwanza.

Haya yote nilimweleza mjomba wangu, mzee wa kanisa ambaye hukubali jambo baada ya kulipima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, fundi mmoja si anaweza kutumia dirisha lilelile kwenye nyumba mbili?"

Nikamjibu, "Anaweza, mjomba. Lakini atatumia dirisha zima. Hatachukua lililovunjika akaliweka kwenye nyumba zote, na ufa uleule."

Akacheka. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo: "Na kama sisi ni wanyama, ni nini kitatuzuia kuishi kama wanyama?"

Hili si swali la mchezo. Wengi wanaoikataa sayansi hii hawana ugomvi na mifupa. Hata ule mfupa wa kwanza wa Mvulana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, uligunduliwa na Mkenya mwenzetu, Kamoya Kimeu, kule Nariokotome mwaka 1984. Wanachohofia ni kwamba tukiitwa binamu wa sokwe, utu wetu utashuka.

Mimi naona kinyume. Katika mti huu wote, sisi ndio tawi la kwanza tunalolijua lililoweza kusoma historia yake lenyewe. Sokwe ana jeni iliyoharibika lakini hajui. Sisi tunajua. Na tuna uwezo wa pili unaotisha: tunaweza kufuta matawi ya wengine. Kwa anayeandika programu, kufuta tawi bila nakala ya akiba ni jambo la kukosesha usingizi. Msimbo ukipotea mtu anaweza kuketi auandike upya. Kazi ya mamilioni ya miaka ataiandika nani?

Nikamkumbusha mjomba kuhusu Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini aliyekuwa akitunzwa Ol Pejeta, Laikipia. Alikufa Machi 2018, akiwa dume wa mwisho wa jamii yake. Walibaki wawili tu, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Majangili ndio waliomaliza wengi wao kwa ajili ya pembe. Mwaka 2019 wanasayansi walianza kutengeneza viinitete maabarani kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume zilizokuwa zimegandishwa. Yaani nakala ya akiba imekuja wakati diski inakaribia kufa.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nuhu aliambiwa aingize dume na jike. Nyinyi mmebakiza majike wawili."

Sikuwa na la kuongeza. Yeye anaamini safina, mimi nasoma jeni, lakini kuhusu Najin na Fatu tulikuwa upande mmoja. Kwake, mtu atatoa hesabu ya viumbe alivyokabidhiwa. Kwangu, hao ni jamaa wa mbali, na mtu haangamizi ukoo wake akakaa kimya. Sijui kama atawahi kukubali habari ya jeni iliyoharibika. Alichofanya kabla hatujaachana ni kuniuliza kiingilio cha Ol Pejeta ni pesa ngapi, maana anataka kuwapeleka vijana wa kanisa wakawaone wale wawili.

Nanyi wasomaji, mjomba wenu akiwauliza swali lile la pili, mtamjibu nini? Nasubiri maoni. Kwaherini kwa sasa.