Majina saba ya Tervuren yalivyofika Mpofi

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya mihogo. Naleta habari ya matembezi ya Ulaya.

Jumapili nilipanda kilimani, pale ambapo rezo inapatikana kidogo, na simu ikapokea sauti kumi na moja za binti wa mjomba wangu. Alikimbia Masisi akiwa mtoto, akakulia katika kambi ya Nakivale kule Uganda, na sasa anaishi Ulaya. Alikuwa ametembelea Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, kwa siku tatu. Nikashuka na simu mpaka kwa familia zilizokimbia vita, maana wengine pale wanamjua mama yake. Tuliketi chini ya bashi, mvua ikinyesha, mama mmoja akiendelea kutwanga sombe.

Sauti za kwanza zilituchekesha. Alisema kuna kisanamu cha mtoto mwanaume anayekojoa, na watu wa mataifa yote wanasongamana kukipiga picha. Koko mmoja akauliza, "Huyo mtoto hana mama?" Akasimulia Atomium, mipira tisa ya chuma iliyounganishwa, yenye urefu wa mita 102, iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1958. Akasimulia Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Alikuta makayabo, fumbwa na chikwangue, akasikia Kilingala na Kiswahili njiani. Alisema harufu ya samaki ilimfanya asimame, akakumbuka nyumbani.

Kisha akafika kwenye lango kubwa la matao matatu linaloitwa Cinquantenaire, lililomalizika mwaka 1905. Pesa zake zilitoka Kongo, wakati nchi yetu yote ilikuwa mali ya mfalme Leopold II na watu wetu walilazimishwa kuvuna mpira porini. Kijana mmoja akasema, "Basi na sisi tuko na nyumba kule." Watu wakacheka, lakini si kama mwanzo.

Siku ya tatu alienda Tervuren, nje kidogo ya mji, kwenye makumbusho ya Afrika. Sauti yake ilibadilika. Alieleza kwamba mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa huko kwa ajili ya maonyesho. Walijengewa vijiji ndani ya bustani ya mfalme, na Wazungu zaidi ya milioni moja walikuja kuwatazama. Leo sisi tunasafiri kutazama mji. Siku zile sisi ndio tulitazamwa. Saba kati yao walikufa huko, mbali na kwao. Makaburi yao yako karibu ya kanisa, na majina yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Alisema ndani ya makumbusho kuna ukuta wenye majina zaidi ya 1,500 ya Wabelgiji waliokufa Kongo. Kwa muda mrefu ukuta ule haukutaja Mkongomani hata mmoja. Halafu Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, akaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya ukuta.

Mama aliyekuwa akitwanga aliweka mchi chini. "Rudisha hapo pa majina," akasema. Nikarudisha. Akasikiliza yote saba. Kisha akasema, "Wangu nilimzika kando ya njia tukikimbia. Niliweka jiwe tu. Hajaandikwa mahali popote."

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliona haya. Miaka yote hii naandika: watu watatu wamekufa, watu wanne wamekufa. Naandika hesabu, nikidhani nimefanya kazi. Wale saba wamepita zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na sisi Mpofi tumewajua kwa sababu mtu fulani aliandika majina. Hesabu peke yake isingefika hapa.

Jioni hiyo nilitafuta kaye mpya. Mama yule alikuwa wa kwanza: jina la mtoto, kijiji chake, mahali lilipo lile jiwe. Mpaka giza kuingia tulikuwa na majina kumi na tisa. Siulizi nani aliua, na sitasoma jina lolote mbele ya watu kama mwenyewe hajaruhusu. Mwenye mtu wake aliyebaki njiani aje, hata kama anakumbuka jina moja tu. Halipiwi chochote.

Binti wa mjomba alikuwa ameuliza kama tunataka picha ya Atomium au ya lango. Tulimjibu kwa sauti moja, koko ndiye aliyesema: "Mtoto wangu, ukirudi kule, utusalimie wale saba. Uwaambie kwao bado kuko watu."