Mvua ya Suneka

Suneka ni mji mdogo wa Bonchari, katika Kaunti ya Kisii, kando ya barabara kuu iendayo Migori. Kutoka Mombasa tulisafiri usiku kucha na mchana wake, tukalala mjini Kisii, na Jumamosi asubuhi tukapanda matatu kumalizia safari. Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kutoa mkono wa taazia kwa mjane wa jirani yetu, Mgusii aliyeishi nasi Kisauni miaka mingi. Alifariki hali hatusalimiani naye kwa miaka miwili, sababu ni ukuta wa uani.

Tulitarajia vurumai za sokoni, kumbe ilikuwa Sabato. Waadventista walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, na leo wafuasi wao ni wengi katika nchi ya Wagusii. Mapumziko yao huanza Ijumaa jua linapotua. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na watu waliovaa vizuri walikuwa wakienda kanisani bila haraka. Mahali palitulia, sisi hatukutulia. Njia nzima, kati ya migomba, tulikuwa tukipanga maneno: tuanze wapi, tujitetee vipi, lawama tumtwike nani.

Mama mwenye msiba alitukaribisha kwa chai ya maziwa. Tulipofungua vinywa, mvua ikashuka. Vilima vya Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima, na mara nyingi hunyesha alasiri. Juu ya bati ilikuwa na kishindo hata tulipoinamiana hatukusikilizana. Ikabidi tunyamaze sote, muda mrefu.

Mwanzoni hoja zetu zilizidi kupiga kelele vifuani. Tukashusha pumzi, tukaleta istighfari kimyakimya, moja baada ya nyingine. Polepole hoja zikaisha, yakabaki mambo yenyewe: usiku aliombeba mwana wetu mbio kumpeleka hospitali, ndizi alizotuletea kila alipotoka kwao, na ule ukuta, ambao ugomvi wake haukuzidi upana wa shubiri.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa aliweka kitabu kizima juu ya kujichunga na kujihesabu nafsi, kisha kingine juu ya tafakuri. Tulikuwa tukivijua kwa darsa za msikitini. Siku ile tulivielewa. Kutuliza moyo si kukimbia kelele, wala si kutafuta raha. Ni kunyamaza mpaka nafsi iishiwe na visingizio, nasi tuione haki ya mwenzetu jinsi ilivyo. Na haki ya jirani haiulizi dini yake.

Mvua ilipokatika, maneno tuliyoyapanga hatukuwa nayo tena. Tulisema tu, "Mama, tulimkosea. Tuwie radhi."

Alitutazama kitambo, akajibu, "Yangu nimesamehe, wanangu. Yake siwezi kuwasamehea."

Akatuonyesha pembe safi ya chumba. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, swala ya msafiri, na hatukumbuki swala nyingine tuliyosujudu kwa moyo mzito na mtulivu kama ile.

Ndugu wasomaji, tumerudi Kisauni na deni ambalo halilipiki hapa duniani. Tunaloweza ni kuwausia wenzetu. Baada ya Alfajiri, kabla simu haijawashwa, kaeni kitako dakika chache. Vuteni pumzi, mdhukuruni Mola, kisha iulizeni nafsi inamdai nani na inadaiwa na nani. Jibu likija, msilitunze hadi safari ya mbali. Vaeni viatu, mkabishe hodi mlango wa pili angali mwenyewe yupo wa kuitikia.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu, na atujaalie kuombana radhi tungali hai. Amin.